Meza ya mninga kwa maharusi: jinsi ya kuitengeneza iweze kuhama nao

Maharusi wengi wa mjini huanzia nyumba ya kupanga: chumba na sebule, au vyumba viwili ghorofani. Mwaka hauishi vizuri kabla hawajahama tena, na siku ya kuhama meza kubwa iliyogongomewa misumari ndiyo inayowatoa jasho wapagazi. Inakwama mlangoni, inalazwa ubavu, miguu inalegea, na mara nyingi inaachwa kwa jirani. Zawadi uliyoitolea jasho haistahili kuishia hivyo. Kwa hiyo meza ninayoieleza hapa, meza ya chakula ya watu wanne, inafunguka vipande vitano kwa ufunguo mmoja na bisibisi, na inafungwa tena upya ikiwa imara kama ilivyotoka karakana.

Nitachukulia kwamba unajua kukata kwa msumeno kwa kufuata mstari na umewahi kushika randa na patasi. Kama bado, tafuta fundi seremala atakayekubali ufanye kazi pembeni yake. Jipe miezi miwili kabla ya harusi. Kazi yenyewe haihitaji muda wote huo, ila mbao zinauhitaji.

Hatua ya kwanza: pima nyumba kabla ya kupima mbao

Jua kwanza meza inakwenda wapi. Pata upana wa mlango, upana wa ngazi kama ni ghorofa, na ukubwa wa sebule baada ya makochi kukaa. Mtu mmoja mezani anahitaji kama sentimita 60 za ukingo, na nyuma ya kiti acha angalau sentimita 75 ili mtu aweze kuvuta kiti na kuinuka. Vipimo ninavyotumia ni urefu wa inchi 48, upana wa inchi 30 na kimo cha inchi 30. Wanakaa wanne kwa raha, na siku ya wageni sita watabanana. Sebule ikiwa finyu, punguza upana hadi inchi 28. Kimo usikiguse, kwa sababu viti vya kawaida vinakwenda na kimo hicho.

Uliza pia kama tayari wana meza, au kama kuna shangazi aliyeahidi kuwanunulia. Ukitaka iwe siri, muulize somo wa bibi harusi au dada yake. Kama hakuna wa kukuambia ukweli, bora siri ivuje kuliko maharusi kujikuta na meza mbili.

Hatua ya pili: mbao

Mimi napendekeza mninga. Unapatikana zaidi kwenye misitu ya miombo ya upande wa Tabora na Katavi, unarandika vizuri, rangi yake ni ya kahawia inayovuta dhahabu au wekundu, na zaidi ya yote umetulia: ukishakauka haujipindi ovyo. Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, utakuchosha mikono kwenye matundu. Mtiki wa mashamba ya Longuza au Mtibwa unafaa sana pia, ila una mafuta, kwa hiyo futa sehemu za kugundisha kwa kitambaa chenye thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Paina ya Sao Hill ni ya bei nafuu na nyepesi. Inakwaruzika haraka, lakini meza ya paina iliyotengenezwa vizuri bado ni zawadi ya heshima.

Nunua kwa muuzaji mwenye risiti halali. Mbao za misitu ya asili zinasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na ukizisafirisha kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine lazima uwe na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Kama unataka kuzipeleka mbao nje ya nchi, fahamu kwamba mwaka 2022 jamii za mninga na mkongo za Afrika ziliingizwa katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo mbao zake hazivuki mpaka bila kibali.

Mahitaji ni haya: mbao nne za moja kwa sita, yaani unene wa inchi moja na upana wa inchi sita, zenye futi 12, na moja ya tatu kwa tatu yenye futi 12 kwa ajili ya miguu. Kama hakuna tatu kwa tatu, waombe wakupasulie kutoka tatu kwa sita. Utahitaji pia bolti nne za milimita 8 zenye urefu wa milimita 120, zile za kichwa chenye tundu la pembe sita zinazofungwa kwa ufunguo wa L, pamoja na nati na washa zake. Ongeza skrubu kumi za inchi moja na nusu, gundi nyeupe ya mbao, msasa na vanishi.

Pale Buguruni, Dar es Salaam, au popote unaponunulia, usikubali kuchaguliwa. Shika kila ubao, uinue ncha moja hadi usawa wa jicho na uangalie kwa urefu wake wote. Uliojipinda kidogo kama upinde utanyooka kwa randa, lakini uliojisokota, ambao pembe zake mbili haziko usawa mmoja, urudishe. Tazama ncha kama kuna ufa. Angalia pia ile sehemu nyeupe ya pembeni iliyokuwa karibu na gome: kwenye mninga ndiyo inayopendwa na wadudu wanaotoboa na kuacha unga. Ukingo mwembamba wa weupe utaukata, lakini ubao ambao nusu yake ni nyeupe hauna faida kwako.

Swali kubwa ni ukavu. Muuzaji atakwambia zimekauka, na huenda anaamini hivyo. Jipimie mwenyewe. Kata kipande cha kiganja, lakini mbali kidogo na ncha ya ubao kwa sababu ncha hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya jikoni inayosoma gramu, andika uzito juu yake kwa penseli, kiweke ndani ya nyumba kwenye kivuli na ukipime tena kila baada ya siku mbili. Kama uzito unazidi kushuka, ubao bado una maji. Ukisimama palepale kwa wiki nzima, anza kazi. Wakati unasubiri, panga mbao zako ndani, ukiweka vijiti vya unene mmoja katikati ya ubao na ubao, kijiti juu ya kijiti, ili hewa ipite pande zote. Kama maharusi wanakwenda kuishi Dodoma na wewe uko Dar, ongeza subira, maana hewa kavu ya kule itazikausha mbao zaidi ya zilivyokauka kwako.

Hatua ya tatu: kukata na kuranda

Toa vipande sita vya inchi 50 kutoka mbao tatu. Hivyo ni vya uso wa meza. Ubao wa nne utoe mbao za fremu, yaani zile zinazounganisha miguu chini ya uso, zenye upana wa inchi 4. Mbili ndefu ni inchi 38 na nusu na milimita 10 za ziada kila ncha. Mbili fupi ni inchi 20 na nusu na milimita 30 za ziada kila ncha, ambazo zitakuwa ndimi za kuingia kwenye matundu ya miguu. Miguu minne ni inchi 29 na robo kila mmoja. Utaipunguza ukishajua unene kamili wa uso, ili kimo kitoke inchi 30. Mabaki yatunze, yana kazi.

Kuranda kwa mkono mbao zote hizi kunawezekana, lakini sioni ubaya wa kuzipeleka mashineni. Unalipa kidogo, unarudi na mbao za unene mmoja wa milimita 22 hivi, na miguu ya milimita 70 pande zote. Unga wa mninga huwasha pua na ngozi kwa baadhi ya watu, kwa hiyo vaa barakoa.

Hatua ya nne: uso wa meza

Panga vipande sita sakafuni na uvizungushe mpaka rangi na nyuzi zipendeze. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu ndicho watakachokiona kila siku wakila. Ukiridhika, chora pembetatu moja kubwa ya penseli juu ya vipande vyote, ili hata vikichanganyika ujue kila kimoja mahali pake.

Sasa nyoosha kingo. Chukua vipande viwili vinavyopakana, vikunje kama kurasa za kitabu, nyuso za juu zikitazamana, vibane pamoja kwenye jiriwa na upige randa kingo zote mbili kwa pamoja. Hata randa ikiinama kidogo, kosa la upande mmoja linafidiwa na upande wa pili ukivifungua. Visimamishe kimoja juu ya kingine dhidi ya dirisha. Mwanga ukipenya popote, rudia. Gundi haizibi pengo, inashika tu mbao zinazogusana.

Kama huna klampu ndefu, fanya hivi: weka mbao mbili imara sakafuni, pigilia kipande kwenye kila ncha ya kila ubao, laza uso wa meza katikati, kisha gongomea kabari mbilimbili zinazopishana kati ya uso na kipande. Kabari zinabana barabara, na pia zinaweza kuukunja uso ukapanda katikati, kwa hiyo weka ubao mwingine juu na uufunge kwa kamba. Tandika gazeti au nailoni palipo na gundi. Gundisha vitatu vitatu kwanza, siku ya pili unganisha makundi mawili. Gundi inayochuruzika isubiri mpaka iwe kama mpira, kisha ikwangue kwa patasi. Ukiifuta ikiwa mbichi inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na kuacha doa ambalo vanishi italionyesha.

Kesho yake piga randa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona, kisha kwa kufuata nyuzi. Mwishoni kata urefu wa inchi 48 na upana wa inchi 30.

Hatua ya tano: miguu na fremu fupi

Chagua pande nzuri za kila mguu zitazame nje na uandike namba 1 hadi 4 juu yake. Namba hizo ziandike pia kwenye mbao za fremu, kila kiungo na namba yake.

Mbao fupi zinaunganishwa na miguu kwa tundu na ulimi, na kugundishwa moja kwa moja. Hapo utapata fremu mbili, kila moja ikiwa na miguu miwili na ubao mmoja. Ulimi uwe na unene wa milimita 10, urefu wa milimita 30, na upande wa juu uupunguze milimita 20 ili tundu lisiishie wazi kwenye kichwa cha mguu na kupasuka. Chora kwa mahati, kile kifaa chenye ncha ya kukwaruza mstari sambamba na ukingo. Usibadili kipimo chake mpaka umechora matundu yote manne na ndimi zote nne.

Chimba tundu kwanza, ulimi baadaye. Ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kuziba tundu. Toboa mashimo mfululizo kwa keekee au drili ya milimita 9, kina cha milimita 32, kisha safisha kuta kwa patasi. Simamisha guni, kile kipimo cha pembe mraba, pembeni ya patasi uangalie kama imenyooka. Ulimi mzuri unaingia kwa kusukuma kwa mkono na kugongwa kidogo mwishoni. Ukihitaji nyundo nzito kuuingiza, utaupasua mguu.

Ukitaka meza ionekane nyepesi, punguza miguu kwenye pande mbili za ndani tu, kuanzia inchi 5 chini ya kichwa hadi ibaki inchi moja na robo tatu chini. Pande za nje ziache zilivyo. Kisha unganisha bila gundi uone kila kitu kinakaa, pima kona kwa kona, na vipimo viwili vikilingana ndipo ugundishe na kubana.

Hatua ya sita: bolti

Hapa ndipo meza hii inapotofautiana na nyingine, kwa hiyo nitakwenda taratibu. Mafundi wa vitanda wanaifahamu njia hii, maana kitanda nacho lazima kifunguke.

Kila ubao mrefu unaingia kwenye mguu kwa milimita 10 tu. Chimba kwenye mguu mfuko wa kina hicho, wenye upana sawa na unene mzima wa ubao, yaani milimita 22, ukianzia milimita 10 kutoka upande wa nje wa mguu. Mfuko huo ndio unaozuia ubao usizunguke. Umbali huo kutoka nje una sababu: ulimi wa ubao mfupi umeingia milimita 30 kutoka upande wa ndani, na bolti ikikaa karibu na nje inapita bila kuugusa. Ukiuweka ubao katikati ya mguu, drili itakata ulimi uliouhangaikia.

Kwenye upande wa mguu unaotazama mwisho wa meza, milimita 50 chini ya kichwa na katikati ya unene wa ubao, toboa kwanza shimo la milimita 20 lenye kina cha milimita 10 la kuficha kichwa cha bolti. Katikati yake toboa kwa milimita 9 mpaka litokeze upande wa pili. Sasa ingiza ubao mrefu mfukoni, ubane, na uendelee kutoboa ndani ya ncha ya ubao ukitumia shimo la mguu kama mwongozo, kina cha milimita 65 au zaidi ndani ya ubao.

Toa ubao. Kwa upande wake wa ndani, milimita 50 kutoka ncha, chimba dirisha la urefu wa milimita 25 na upana wa milimita 14, likate kwenye shimo la bolti. Nati inaingia humo, na kwa kuwa dirisha ni finyu nati haiwezi kuzunguka, huhitaji mkono wa pili kuishika. Washa ni pana zaidi, isage pande mbili kwa tupa iingie. Weka washa nyingine chini ya kichwa cha bolti. Kaza kwa ufunguo wa L mpaka kiungo kijifunge, robo mzunguko zaidi, basi.

Hatua ya saba: kushikiza uso

Usigundishe uso kwenye fremu, wala usiupigilie misumari. Ubao haubadiliki sana kwa urefu, lakini kwa upana unatanuka masika na kusinyaa kiangazi, hata mninga. Ukiufunga usisogee, utapasuka katikati, na watu watasema mbao zilikuwa mbaya.

Tumia vishikizo vya mbao. Kutoka kwenye mabaki kata vipande kumi vya milimita 45 kwa 45, kila kimoja na kiulimi kifupi ukingoni cha unene wa milimita 8. Upande wa ndani wa mbao za fremu chimba vitundu vya kupokea viulimi hivyo, milimita 12 chini ya ukingo wa juu: vitatu kila ubao mrefu, viwili kila ubao mfupi. Kwenye kishikizo, umbali kati ya kiulimi na sehemu inayogusa uso uwe milimita 11, ili skrubu ikikazwa kishikizo kivute uso chini. Kwenye mbao ndefu acha nafasi ya milimita 4 kati ya kishikizo na ubao. Kwenye mbao fupi tundu liwe refu kuliko kishikizo, kiweze kuteleza pembeni. Kabla ya kufunga skrubu ya kwanza, ipime pembeni kwa jicho. Ikitokeza juu ya meza hakuna dawa.

Hatua ya nane: msasa na vanishi

Msasa namba 80, kisha 120, 180 na 220, kila mara kwa kufuata nyuzi. Kabla ya 220 futa mbao kwa kitambaa chenye maji kidogo, ziache zikauke, vinyuzi vitakavyosimama uviondoe.

Karakana nyingi za Keko, Dar es Salaam, hupuliza vanishi ya haraka inayong'aa ndani ya saa moja. Kwa meza ya chakula siipendi, kwa sababu sufuria ya moto huiachia alama nyeupe. Tafuta vanishi ya poliyurethini, paka mikono mitatu myembamba kwa brashi, ukisugua kidogo kwa msasa 320 kati ya mkono na mkono, mahali pasipo na vumbi. Chini ya uso paka mikono ileile mitatu. Ukipaka juu tu, upande wa chini unavuta unyevu peke yake na uso unajikunja. Kama umechagua mafuta ya kitani badala ya vanishi, vitambaa vyake vitandaze nje vikauke au viloweke kwenye maji. Vikirundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

Chini ya uso, mahali pasipoonekana, andika kwa kalamu isiyofutika aina ya mbao, mwaka, na saizi ya bolti. Fundi atakayeitengeneza siku za mbele atakushukuru.

Hatua ya tisa: kukabidhi

Meza haina sababu ya kupelekwa ukumbini. Mshereheshaji akiita zawadi, toa kadi yenye picha yake na useme itafika nyumbani. Subiri fungate iishe, piga simu kwanza, kisha ipeleke kwa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikiwa imefunguliwa: uso umefungwa kwa blanketi, fremu mbili, mbao mbili ndefu, na mfuko wa bolti na skrubu. Ifunge mbele yao, na mwachie bwana harusi akaze bolti ya mwisho ili ajue inavyofanywa. Ufunguo wa L uufunge kwa kamba kwenye moja ya vishikizo, wasije wakauhangaikia siku ya kuhama.

Waambie wasiweke sufuria ya moto wala kitambaa cha nailoni juu yake kwa wiki mbili za kwanza, vanishi imalizie kukomaa, na baada ya miezi mitatu wakaze bolti tena.